Jina la Mashavu Msusi

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni na masikio yenu yote. Nawapeleka mbali, enzi ambazo babu wa babu yangu hajazaliwa, na mji wetu huu wa Shungi ulikuwa na ukuta na sultani wake.

Sultani huyo, Fumo Shali, alikuwa na shangazi, Mwana Hadie. Msidhani alikuwa mtu wa kukaa ndani tu! Alisoma, akaandika, na tarehe, yaani historia, ya mji huu aliiandika yeye. Kazi yake nyingine, ya siri, ilikuwa kutuma wapelelezi. Wapelelezi gani? Askari? Hata! Wasusi, wanaosuka nywele za wake wa wakubwa. Msusi huingia kila nyumba, na mtu akisukwa husema. Husema, husema, mpaka akasahau anasema na nani.

Basi mmoja wao, Mashavu, alikuwa akisuka Pangoni, mji wa adui zetu. Mke wa amiri wa jeshi akamwambia, "Nisuke vizuri. Ijumaa mume wangu atalala katika jumba la Shungi." Mashavu akacheka naye, akamaliza kusuka, akampa habari muuza chumvi wetu aje nayo mbio. Watu wa Pangoni walipokuja walitukuta macho. Tuliwapiga, wanangu, tuliwapiga! Amiri wao tukamkamata mzima.

Lakini kule kwao wakamshuku Mashavu. Wakamfunga.

Fumo Shali akamwita shangazi yake. "Andika kwamba vita hivi Mungu alinionyesha ndotoni. Mimi nitapata heshima, na msusi wako atapona. Nani atatafuta mpelelezi ikiwa niliota?"

"Wataacha aoze gerezani, nawe uitwe walii," akasema Mwana Hadie. "Wape amiri wao, wakupe Mashavu."

"Amiri mzima kwa msusi? Shangazi, watu watanicheka!"

"Wacha wacheke. Bila yeye wangekuwa wanalia."

"Na nikikataa?"

"Tafuta mwandishi mwingine. Mimi siandiki hata nukta mpaka Mashavu aje."

Sultani akafoka, akamfukuza barazani. Je, mwandishi mwingine alikuwepo? Hakuwepo! Akanuna, akanuna, mwisho akamtoa amiri.

Mashavu alirudi amekonda, mkono umevunjwa, hawezi kusuka tena. Mwana Hadie akamkumbatia, akalia mbele za watu, yeye ambaye hata mumewe alipozikwa hakuna aliyeona chozi lake. Kisha akaketi, akaandika.

Siku ya Idi kitabu kikasomwa nje ya msikiti: "Aliyeuokoa mji huu ni Mashavu binti Kombo, msusi. Sultani alimsikiliza, na hiyo ndiyo sifa yake."

Vigelegele vikapaa! Fumo Shali akainama kidogo. Kisha akavua joho lake, akamvika Mashavu kwa mikono yake mwenyewe.

Na mjue, huyo Mashavu ndiye aliyemzaa bibi wa bibi yangu. Damu yake mnayo nyinyi, mlioketi hapa mnanitolea macho! Kwa hiyo mtu akitenda jema, litajeni kwa jina la aliyelitenda, hata kama mkubwa analitaka liwe lake.

Mimi nimefika mwisho, kinywa nakifunga. Vyenu vifungueni, mkawasimulie wasiokuwepo.