Kono Alivyonywea Pangoni

"Shauri la Kuwatambua, Kuwaeleza na Kuwathibitisha Viumbe Wote Wenye Makazi Maalumu." Ndilo jina lililopewa jambo hilo, na ukilivua mapambo yake lilikuwa jambo dogo tu: Chatu alitaka kujua nani analala wapi.

Watafiti, kabla hamjaingia humu pangoni na taa zenu na lenzi zenu, kumtafuta huyo mdogo mliyekuja kumwandika, sikilizeni kwanza. Zamani hizo alikuwa mkubwa kama kinu cha kutwangia. Gamba lake lilijaa madoa mekundu, macho yake yalikaa juu ya pembe mbili ndefu, na aliishi nje, kwenye majani mabichi, juani kama sisi. Jina lake lilikuwa fupi: Kono.

Chatu alikuwa mfalme, na katibu wa baraza lake alikuwa Korongo, aliyesimama kwa mguu mmoja kwa sababu wa pili ulikuwa bado haujaidhinishwa. Kila kiumbe aliitwa barazani, akaelezwa mbele ya wote: jina, rangi, ukubwa, mahali anapolala. Chatu alisikiliza, ulimi ukiingia na kutoka.

Pimbi, jirani yake Kono, alirudi barazani akirukaruka.

"Shoga, nimeelezwa! Hata harufu yangu imetajwa!"

"Hongera, shoga. Harufu hiyo ilistahili."

Kesho yake mwamba wa Pimbi ulikuwa mtupu. Kono akajikokota hadi barazani.

"Bwana Katibu, Pimbi yuko wapi?"

"Amehama."

"Kahamia wapi?"

Korongo alimtupia jicho Chatu, ambaye asubuhi hiyo alikuwa na uvimbe katikati ya mwili. "Ndani," alijibu. "Na kesho ni zamu yako. Usichelewe."

Kono akakimbia. Mwendo wake mnaujua. Hebu fikirini kuiokoa roho kwa mwendo ule. Nyuma yake ute ulichora njia inayong'aa, ambayo hata katibu angeweza kuifuata. Ndiyo kwanza ameuvuta mkia wake ndani ya pango hili, akasikia nyasi zikilala chini mlangoni. Baraza zima lilikuwa limefika.

Sheria ya siku hizo ilikuwa kwamba ukiitwa jina lako, lazima uitike. Asiyeitika aliliwa bila hata kuelezwa.

"Kono!" aliita Korongo.

Kono alifungua kinywa, sauti ikagoma. Pango ndilo lililoitika kwa niaba yake: "Kono... kono..."

Korongo alitafakari. "Mheshimiwa, pana tatizo. Tuliyemwita ni Kono. Aliyeitika ni Konokono. Huyo hatunaye. Ni kiumbe mpya."

"Basi mweleze upesi," alisema Chatu. "Nina njaa."

Korongo hakuwa amemwona, lakini hilo halijapata kumzuia katibu. Alichukua maelezo aliyokwisha kumwandalia Kono, akayatangaza kama mapya.

"Gamba la madoa mekundu!"

Kono akajisugua kwenye mwamba unaotiririka maji hadi madoa yakatoka yote, akabaki mweupe kama chumvi.

"Macho mawili juu ya pembe!"

Akayavuta ndani kwa nguvu zote za hofu. Hayakurudi tena. Giza la pango likawa pia giza lake.

"Ukubwa wa kinu!"

Hapo Kono alikwama, maana ukubwa hauvuliwi kama nguo. Na Chatu alikuwa ameshaingia. Kono hakumwona, alisikia magamba yakikwaruza jiwe, kisha ulimi ukipapasa ukuta, karibu, karibu zaidi. Kila ulipogusa, alijikunyata, na kila alipojikunyata alipungua: akawa kama ngumi, akawa kama kunde, akazidi kupungua. Ulimi ukapita juu yake. Ukasita. Ukarudi, ukaonja. Ulichokionja ni kitu baridi kama chembe ya mchanga, kisicho na doa wala jicho. Ukaendelea.

"Humu hamna kitu," alisema Chatu.

Korongo akatangaza uamuzi: Konokono ni sauti isiyo na mwili, na shauri limefungwa kwa mafanikio makubwa.

Na tangu siku hiyo, ndugu zake walioko nje nao huitwa konokono, na ukiwagusa hujificha, kwa kuwa habari iliwafikia. Yeye mwenyewe yumo humu, mdogo kuliko punje ya ulezi, mweupe, kipofu. Mkimpata mtamweleza, najua. Ndiyo kazi iliyowaleta. Basi mwelezeni kwa kunong'ona, na jina lake msiliite. Pango bado huitika, na sijui nani mwingine anasikiliza.

Baraza lilisema hakuwapo. Alikuwapo. Aliogopa, akanywea.