Senkoro na Usingizi wa Aina Tatu

Hapo zamani, na msinikodolee macho, zamani yenyewe ni mwaka juzi tu, alikuwepo fundi muashi huko Upareni, jina lake Senkoro. Kifua kilimbana hadi akalazwa chumba cha mahututi, mpira wa hewa kooni, mashine ikimpumulia. Mkewe Naanjela, mjamzito wa miezi minane, akaweka nadhiri mbele ya watu: "Atakayenirudishia mume wangu, mtoto huyu atabeba jina lake."

Nyie wasomi tegeni masikio. Mimi darasa la sita niliwaachia madawati yenu, lakini hii naijua kuliko waliokuwepo.

Siku ya kwanza Senkoro alipigana na mashine. Akauma mpira, akaushika aung'oe. Daktari Mkufya akamchoma midazolamu, dawa ya usingizi. Puu! Kalala kama gogo, mapafu yakapumzika. Siku ya sita wakaikata dawa ili aamke. Kimya. Siku ya saba, kimya; dawa ilikuwa bado imejaa mwilini. Mjomba wake akaja, akamfinya sikio, akamfinya paja. Kimya! Mjomba huyo, bila kumuuliza hata mfagizi, akarudi mlimani, akaamuru kaburi lichimbwe na Naanjela anyolewe kichwa cha ujane.

Jamani! Mume anapumua, mke kesha nyolewa! Na kwao kaburi likichimbwa haliachwi wazi. Walipopata habari yu hai, ikabidi wazike mgomba, tena kwa kilio.

Maana siku ya nane Senkoro aliamka, ila akili haikuja naye. Akampiga nesi teke, mkono mbio kwenye mpira. Kajiru, nesi wa usingizi, akamfungulia propofoli, dawa nyeupe kama maziwa. Hujamaliza kusema "shikamoo", kalala. Lo, na presha nayo ikalala! Kengele zikalia, Naanjela, aliyeteremka mbio hospitali na kipara chake, akapiga yowe dirishani. Kajiru hakukimbia. Alipunguza dawa tone kwa tone, akasimama pale asubuhi hadi alasiri bila kutia kitu kinywani, presha ikapanda.

Siku ya kumi Daktari Togolani akaleta deksimedetomidini. Hebu itamkeni mkiwa na ugali mdomoni! Hiyo mtu analala, ukimwita anakusikia. Mapigo ya moyo yakashuka hadi arobaini, watu wakashika vichwa. Togolani akapunguza dawa, akaita, "Senkoro, nibane mkono." Akambana! Mpira ukatolewa. Neno la kwanza: "Mke wangu, nywele zimekwenda wapi?"

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Siku ya kumpa jina wote watatu wakafika.

"Bila mimi angeung'oa mpira siku ile ile," akasema Mkufya. "Hawa wangemtibu nani?"

"Shikamoo, dokta," akajibu Kajiru, "lakini wewe ndiye uliyefanya achimbiwe kaburi. Mimi nilimkamata akiwa ukingoni."

"Ukingoni ulimpeleka wewe na maziwa yako!" akadakia Mkufya.

Togolani akacheka. "Nyie mlimlaza, mimi nikamwamsha. Nadhiri imesema kurudisha."

"Huyo uliyemwamsha, nani alikutunzia?" wakamrukia wote wawili.

Naanjela akampakata mwanawe. "Nyote mmenirudishia mume, na nyote nusura mniache mjane. Lakini nadhiri yangu ni ya jina moja."

Haya, mahakimu wa vibarazani, leo midomo imewakauka? Mkufya aliyemlaza, Kajiru aliyemshikilia, Togolani aliyemwamsha: je, ni nani aliyestahili mtoto aitwe jina lake?