Ute wa Bamia

Mtu mmoja aitwaye Lugendo alikuwa na kisima, na maji ya kisima kile yalikuwa na madini. Chai iliyopikwa kwa maji hayo iligeuka nyeusi, na watu wa nyumba yake wakawa wanaumwa matumbo.

Mkewe Nyamizi alichemsha bamia, akakamua ute wake, akauchanganya na wanga wa muhogo na kuukausha kivulini, ukawa vipande laini visivyoyeyuka. Akavifunga katika kitambaa, akavitumbukiza mtungini. Madini yakanasa kwenye ute, maji yakafaa kunywa. Matumbo yakapoa. Hakuna aliyemuuliza amefanyaje. Walichota tu, wakanywa.

Na Nyamizi mwenyewe ndivyo alivyokuwa mle nyumbani. Lugendo alirudi kutoka kazini na hasira zake, akammwagia yeye. Mama mkwe, mgonjwa wa kitandani, alimmwagia maumivu yake. Nyamizi alipokea yote, na nyumba ikatulia.

Asubuhi moja chai ikawa nyeusi tena. Nyamizi naye, mumewe alipomsemesha, alijibu kwa ukali, kisha akajifunika khanga usoni. Lugendo akakitoa kile kitambaa mtungini, akasema ute umeharibika, anakwenda kuutupa.

"Usiutupe, baba Kabula," Nyamizi akasema. "Haujaharibika. Umejaa."

Lugendo akasimama na kitambaa mkononi, maji yakimchuruzika miguuni. Akamtazama mkewe kama mtu aliyemkuta njiani baada ya kupotezana naye miaka mingi. Kwa sauti ya chini akamuuliza unasafishwaje. Kwa maji ya ndimu, akaambiwa, polepole, bila kuuminya.

Akakamua ndimu mwenyewe. Akausuuza ute mpaka ukaachia ulichobeba, na maji yale machafu akayamwaga shimoni, mbali na kisima. Kisha akavuta kigoda, akaketi karibu na mkewe.

"Niambie, mama Kabula."

Nyamizi akaanza kusema, akalia, akasema tena. Lugendo hakujitetea. Mama yake alipoita kutoka chumbani, alikwenda yeye, akamgeuza ubavu, akarudi kuketi palepale. Jua likapanda, na kazini hakwenda.

Ninyi mnaonisikiliza, ni nani nyumbani kwenu mliyemwona amebadilika, mkasema ameharibika, wala hamkumuuliza amebeba nini?