Mgongo wa Upinde wa Lubaba

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa milima ya Yemeni aliishi binti mcha Mungu akiitwa Lubaba binti Usayd. Baba yake, Allah amrehemu, alikuwa fundi wa pinde, na alimfundisha kazi hiyo tangu mikono yake haijatosha kushika tezo. Alipofariki, kibanda chake katika soko la mafundi kikabaki wazi, na Lubaba akaomba akirithi.

Basi wanaume wakaanza. Walisema mwanamke hana kifua cha kuvuta upote, ule uzi wa upinde. Walisema upinde wake utatoka na kibiongo. Bwana Mirdas, fundi wa kibanda cha jirani, ambaye alikuwa akikitamani kile cha marehemu aweke humo magogo yake, alisema, "Akasokote nyuzi, tutanunua." Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona kazi yake. Hawakuhitaji kuona, walikuwa wameshajua.

Amini wa soko, yaani msimamizi wake, Bwana Shurahbil, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa kuchoka, akakata shauri. Lubaba alete upinde siku ya majaribio, baada ya Idi, pinde za walinzi wa msafara wa mahujaji zitakapochaguliwa. Upinde wake ukikubaliwa, kibanda ni chake. Ukikataliwa, kibanda ni cha Mirdas.

Lubaba akamshukuru Mola wake, akaingia kazini. Alichagua kipande cha nab'u, mti mgumu wa majabalini, ambacho baba yake alikuwa amekikausha kivulini kwa miaka. Akakwangua tumbo la upinde, yaani upande unaomtazama mpigaji, kidogo kidogo, akiukunja na kutazama kama mikono yote miwili ya upinde inapindika sawasawa. Akikwangua husema Bismillahi, akipumzika husema Alhamdulillahi, na mama yake, Bi Hunaida, akisikia toka jikoni hujua kazi imefika wapi.

Mgongo wa upinde hauguswi. Kila fundi alilijua hilo. Hapo pana tabaka moja la mti linalokwenda bila kukatika toka ncha hadi ncha, nalo ndilo linalobeba nguvu yote. Mti ukiwa na kinundu mgongoni, fundi hukiacha kilivyo, hata kikichukiza macho. Na upinde wa Lubaba ulikuwa na kinundu, kidogo tu, juu ya mahali pa kushikia. Kila akikitazama alisikia lile neno: kibiongo. Siku upinde ulipokwisha, mzuri ajabu, akachukua kisu akakisawazisha kile kinundu. Alipopapasa, kidole kilimwambia kabla ya jicho. Tabaka limekatika.

Akakaa chini. Mama yake akaja, akatazama. "Ngozi ya mshikio si inafika hapo?"

"Inafika."

"Basi funga. Mwenyezi Mungu ni Msitiri, mwanangu."

"Mama, Mungu husitiri aibu ya mja wake. Hakusema atasitiri mti uliokatika."

"Kwani utavunjika?"

"Si leo. Utavunjika huko njiani, mkononi mwa mtu, chui akiwa mbele yake."

Bi Hunaida akafikiri. "Na muda wa kutengeneza mwingine?"

"Haupo."

"Mirdas atacheka mpaka aumwe na mbavu."

"Tutampelekea dawa."

Lakini maneno huwa mepesi ukiwa nyumbani kwenu. Siku ilipofika, Lubaba alikwenda uwanjani na upinde umefungwa ngozi, kwa sababu hakuna aliyeleta upinde mtupu, na njia nzima nafsi ilikuwa ikimbembeleza: nyamaza tu, chukua kibanda, kisha utengeneze mwingine umbadilishie mlinzi kabla msafara haujaondoka. Hoja nzuri. Nafsi haijawahi kukosa hoja nzuri.

Desturi ya mji ule ilikuwa kwamba fundi, akimkabidhi mlinzi upinde, aseme mbele ya watu: "Mgongo wake mzima, na Mwenyezi Mungu ni shahidi." Maneno hayo yalikuwa yamesemwa miaka mingi hata mafundi wakawa wanayatamka kama mtu anayekohoa.

Amini akamwita Lubaba kwanza, ili jambo lake liishe mapema. Bwana Dhuaib, mkuu wa walinzi, akanyoosha mkono.

"Mgongo wake," akaanza Lubaba, na ulimi ukamkatalia. Akaivuta ile ngozi, akaufunua upinde. "Mgongo wake nimeukata mwenyewe, nikitaka upendeze. Leo na kesho utapiga vizuri. Usiende nao safarini."

"Si niliwaambia?" akasema Mirdas, akicheka. "Nyuzi. Akasokote nyuzi."

"Haya, Bwana Mirdas," akasema Amini. "Lete wako."

Mirdas akausogeza upinde wake. Dhuaib hakuupokea; alikuwa akiyangoja yale maneno. Uwanja mzima ulikuwa ukiyangoja. Mirdas akautazama upinde, akatazama mbingu.

"Huu nimekumbuka," akasema, "una ubichi kidogo. Nitauleta mwakani."

Aliyemfuata akasema wake mkewe aliukalia juzi. Wa tatu alifungua ngozi mwenyewe, na chini yake palikuwa na tundu lililozibwa kwa gundi na unga wa mbao. "Nisamehe, Bwana Dhuaib," akasema. "Mwaka jana nilikupa mwingine kama huu."

"Kumbe," akasema Dhuaib, akiligusa kovu la shavuni.

Kicheko kilianzia kwa wanawake waliokuwa pembeni, kikaingia uwanjani, kikamkumba Amini hata akatafutiwa mahali pa kukaa. Na walikuwepo mafundi, Alhamdulillahi, waliosimama na kuyasema yale maneno kwa kifua kizima, wakatabasamu kama watu waliosifiwa kwa mara ya kwanza. Pinde zao zilichukuliwa.

"Kicheko ni kicheko," akasema Mirdas, "lakini masharti ni masharti. Upinde wa huyu binti umekataliwa."

"Kaukataa nani?" akauliza Dhuaib. "Mimi sikupewa hata niukatae. Ameuondoa mwenyewe, kama ulivyouondoa wako. Ila wa kwake najua una nini. Wako una nini, Bwana Mirdas?"

Amini akafuta machozi ya kicheko, akaamuru kwamba tangu siku hiyo pinde zije uwanjani bila ngozi, mgongo wazi. Kisha akamgeukia Lubaba. "Mwakani utaleta mwingine, binti Usayd. Na utautengenezea kibandani kwa baba yako."

Lubaba akarudi kwao akicheka njia nzima, hata Bi Hunaida akamsikia kabla hajamwona, akatoka mlangoni na unga mikononi.

Siku hizi, ndugu zangu waumini, tukimsikia mtu anakiri kosa lake hadharani tunamwonea huruma, kana kwamba amefiwa. Lakini ni Lubaba aliyecheka njiani, na ni wale wenye visingizio waliorudi makwao wameinamisha vichwa. Mwenyezi Mungu aturuzuku furaha ya mja asiye na la kuficha mbele Yake wala mbele ya waja Wake, wake kwa waume. Amina.