Maganda ya Viazi

Mwanamke mmoja alikuwa na tanuri la matofali linalowaka, na mawingu meusi yalikuwa yameshakaa mlimani. Jina lake Nakiete. Mumewe alikuwa kaburini, nyumba yake ya udongo imeangushwa na upepo, na wanawe walikuwa wakilala bandani pamoja na mbuzi. Matofali yale aliyafyatua kwa mikono yake mwenyewe. Moto ukifika juu kabla ya mvua, ana nyumba. Ukizimika, yote yatarudi kuwa tope.

Kijiji kile kilikuwa na desturi nzuri ya wazee. Tanuri likiwaka, yeyote aweza kuja kuchoma kiazi chake pale mdomoni mwa tanuri, ila atangulize kuni. Basi wanakijiji wakaja. Viazi walivikumbuka, kuni wakazisahau! Wakaota moto, wakavutia makaa mazuri upande wao, wakamwimbia wimbo wa faraja huku wanatafuna. "Pole, mama," wakasema, wakajipangusa, wakaenda zao. Nakiete akabaki na maganda.

Alikasirika. Msinitazame hivyo; ndiyo, mcha Mungu alikasirika. Alitupa kuni motoni akamwambia Mungu kwa sauti kwamba amechoka, kwamba mgongo unamuuma, kwamba haelewi kwa nini mawingu yale yasingoje. Kisha akaenda kuchukua kuni nyingine. Hivyo ndivyo alivyosali, analia na kuchochea, wala hakuondoka penye tanuri lake.

Alasiri akaja Mzee Elihuruma, mzee wa kanisa, suruali imepigwa pasi, kiazi mfukoni. Akakifukia kwenye majivu, akatazama mbingu, akatikisa kichwa. "Vumilia, mwanangu. Mungu hamtupi mja wake."

Nakiete alikuwa ameinamia gogo la mwisho, gogo la mkaratusi lililomshinda kuinua. Hakusimama.

"Mzee, shika upande ule, kisha uniambie hayo."

Mzee akaitazama suruali yake. Akakumbuka ana kikao. Na kiazi chake, loo, hakukisahau.

Nakiete akaliburuta gogo lile peke yake, kucha zikimvunjika. Lilipokwisha kuungua, matofali ya juu yakiwa bado meusi, akaingia bandani, akatoa kitanda alichochongewa na mumewe, akakipasua kwa shoka. Akakitia motoni tendegu baada ya tendegu, machozi yanamtoka na meno ameyauma. Ndipo wekundu ukapanda mpaka juu. Alipomaliza kuziba midomo ya tanuri kwa udongo, tone la kwanza likamwangukia shingoni. Mvua ikanyesha kwa hasira zake zote, na hakuna tofali lililoyeyuka.

Siku ya kuibariki nyumba wakajaa wote. Macho makavu! Mzee Elihuruma akasimama katikati ya kuta zile akashuhudia jinsi walivyosimama na mjane kwa maombi. Vigelegele vikapigwa. Nakiete akawamiminia chai wote, kwa kuwa alikuwa Mkristo. Lakini "Amina" hakuitika.

Mungu hakumtupa mja wake, hilo ni kweli. Na ninyi je? Siku Mwenye tanuri atakapouliza kuni zenu ziko wapi, mtamwonyesha maganda?