Nakijwa na Hadithi ya Mama Yake

“Hadithi hupikwa na mmoja, huliwa na wengi.” Mmeisikia shuleni leo, wajukuu zangu, na kwa kuwa mnatamani kuandika vitabu, mmekuja kuniuliza ilikotoka. Methali hii ilianza hivi.

Huko Usangi, milimani Upare, aliishi msichana wa miaka kumi na mitano, Nakijwa, aliyefiwa na mama. Tangu maziko, baba yake, Mzee Mbwambo, hakulitaja tena jina la marehemu. Alikula, akashukuru, akanyamaza. Nyumba ikaingia ubaridi ambao hata moto wa jikoni haukuuondoa.

Nakijwa akaona asipoandika habari za mama yake, atamsahau. Lakini aliogopa kuandika peke yake, akawaita rafiki zake, Nasemba na Kirita, waandike pamoja. Nasemba akataka mama awe malkia mwenye mikufu. Kirita akataka atokee simba. Walicheka sana. Jioni Nakijwa aliposoma kazi yao, hakumwona mama yake hata kwenye mstari mmoja.

“Nitaandika mwenyewe,” akawaambia kesho yake.

“Umeanza kuringa,” Nasemba akamjibu.

Hawakuja tena. Kila alasiri Nakijwa aliketi jikoni, akiwasikia wenzake wakicheza rede uwanjani. Aliandika, akafuta, akaanza upya. Iko siku alilia kwa sababu alikumbuka mama akiimba amefumba mdomo huku akichambua maharage ya makande, ila wimbo wenyewe ulikuwa umempotea, na hakuwa na wa kumwuliza. Baba alipita mlangoni, akamtazama, akaenda zake.

Siku ya wazazi shuleni, mwalimu wake, aliyekwisha kuiona hadithi hiyo, alimwita aisome mbele ya watu. Alisoma habari za mama aliyeimba amefumba mdomo, aliyemfichia mwanawe ukoko, aliyeugua huku akisema ni uchovu tu. Kina mama wakaanza kujifuta macho kwa khanga. Mzee mmoja akanong’ona, “Huyo ni mama yangu kabisa.”

Mzee Mbwambo akasimama. Watu wakadhani anaondoka.

“Nankondo,” akasema. Ndilo lilikuwa jina la mkewe. Kisha akamgeukia binti yake. “Mwanangu, kumbe ulikuwa unapika hadithi humo jikoni, nami nikakuacha peke yako.”

“Nisingeweza kuipika na mtu, Baba.”

“Nimeona. Umepika mmoja, tumekula wengi.”

Watu wakarudi makwao na maneno hayo, yakaenea milima yote. Nasemba na Kirita walimpongeza, lakini kwa mbali, na urafiki wao haukurudi ulivyokuwa. Alasiri iliyofuata Nakijwa aliketi tena jikoni, akaanza hadithi nyingine. Uwanjani rede ilikuwa imepamba moto.

Basi ninyi mnaotaka kuandika, msingoje kundi, wala upweke ukija msidhani mmepotea njia. Hadithi hupikwa na mmoja, huliwa na wengi.