Masikio ya Bwana Ghalibu

Unanikunjia pua ya nini? Usiyeamini nenda kafuge bata, usinimalizie mate.

Bwana Ghalibu alinunua spika mpya kwa bei ya nyumba. Bi Siwema, mpiga muziki wa harusini, akaja kudai zile kuukuu alizoahidiwa, maana zake zilikufa na Ijumaa ana harusi.

"Afadhali nizichome," Ghalibu alisema. "Masikio yako yamezoea madebe, yatajua nini?"

"Na yako je, bwana? Jifunge macho, nikupigie zote mbili, uchague. Utakazozikataa nizibebe."

Ghalibu akaangua kicheko, akaapa mbele ya mama yake aliyekuwa ameketi hapo sebuleni, akajifunga kitambaa. Bi Siwema akapiga wimbo kwa spika za kwanza, kisha uleule kwa za pili.

"Za pili!" Ghalibu alibweka. "Hiyo ndiyo sauti ya pesa! Hayo makopo ya kwanza niondolee!"

Bi Siwema akayachomoa, akayakumbatia. Ghalibu akafungua macho, akaziona spika zake kuukuu zikimkodolea macho.

"Mchawi wewe! Umefanyaje?"

"Kuukuu nilizipandisha sauti kidogo tu, mwanangu," Bi Siwema alisema. " Nilijua utachagua kelele."

Akatoka, akaufunga mlango kwa kisigino.